Nyekundu ya Orlin Tesdahl

Kwa miaka thelathini na minne Orlin Tesdahl aliendesha lori la maziwa katika bonde la Norden Creek, na kwa miaka yote hiyo hakuna mkulima aliyesimama nyuma yake alipokuwa akipima. Alifika wao wangali wanasafisha mazizi, akachovya kijiti cha kupimia ndani ya tangi, akasoma, akaandika kwenye karatasi iliyoning'inia ukutani, akavuta maziwa na kwenda zake. Watu wa bonde lile hawana maneno mengi ya sifa. Mtu wakimheshimu sana husema, "Huyo hana neno," wakaishia hapo. Juu ya Orlin walikuwa na msemo wao: "Akisema Orlin, limepimwa."

Haya yatangulie, kwa sababu mtu anayeaminiwa na wengi akikosea hakosei peke yake.

Alizaliwa mwaka 1951, mwana wa pili wa Selmer Tesdahl, mkulima wa ng'ombe kumi na wanane ambaye pia alikuwa mtunza makaburi wa kanisa la Kilutheri lililo juu ya kilima. Mwaka 1963 Selmer alinunua trekta dogo la bustani, jekundu, aina ya Harmsen, la kukatia nyasi za makaburini. Kimo chake hakikumpita ndama. Orlin alijifunza kuendesha juu ya trekta lile, akipinda katikati ya mawe ya marehemu, na baba yake akimfuata kwa miguu na kumwonya kwamba jiwe likiguswa, yeye ndiye atakayekwenda kuwaomba radhi wenyewe. Mwaka 1968 kaka yake Norris aliletwa kutoka vitani ndani ya sanduku. Tangu kiangazi kile Orlin alikata nyasi juu ya kaburi la kaka yake kila Ijumaa, kwa trekta lile lile, hadi lilipochoka na kuegeshwa bandani.

Alimwoa Ardis, mpishi wa shule. Wakapata binti wawili, ambao walikua na kuhamia mijini. Alipostaafu mwaka 2007 alilitoa trekta bandani, akafungua kabureta akaisafisha kwa mswaki, akabadilisha plagi na mkanda, na injini ikaitika. Rangi hakuigusa. Ilikuwa imepauka kwa jua la miaka mingi, imekuwa kama kitambaa kilichofuliwa mara elfu, lakini ilikuwa ni ile ile ya kiwandani. Akalipeleka kwenye chama cha wapenzi wa matrekta ya zamani ya bustani.

Wapo wanaokicheka chama hicho. Husema ni watu wazima wanaopiga magoti mbele ya mashine za kukatia nyasi. Waache wacheke. Kila mtu huchagua mahali atakapoonyesha uaminifu wake, na hawa wamechagua pale. Majira ya baridi hukutana katika chumba cha chini cha kituo cha zimamoto, wakinywa kahawa na kubishana juu ya bolti. Agosti hupanga matrekta yao kwenye uwanja wa maonyesho wa wilaya, katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni la yaliyofufuliwa, yaliyovuliwa hadi chuma kitupu yakapakwa upya. Hapo husifiwa mikono ya fundi. Kundi la pili ni la yenye rangi ya kiwandani, ambayo hayajapakwa upya tangu yazaliwe. Hilo ndilo lenye heshima zaidi, maana uzee wa kweli hautengenezwi. "Rangi ya kiwandani huja mara moja tu," husema. Hata bamba dogo la namba lililopigwa ribiti mbili mbele ya usukani, hakuna anayethubutu kulibandua. Ribiti za kiwandani zikitoka hazirudi, na trekta lililobanduliwa bamba haliwezi tena kukaa katika kundi lile.

Orlin aliingia kundi la pili, na watu wakalipenda trekta lake.

"Orlin, hilo vumbi umelikatia bima?" aliuliza Boyd Ruhland, mtu mnene mwenye matrekta sita na mdomo usiochoka.

"Nimelikatia. Na wewe ukiliegemea, nalipwa."

Basi Aprili mwaka 2010 ikamkuta. Alikuwa akilipandisha trekta kwenye tela, ana haraka, hakulifunga mnyororo. Alipokwenda mbele kukaza ndoano, trekta likarudi nyuma, likaporomoka kwenye ubao na kugonga nguzo ya lango. Madigadi ya nyuma ya Harmsen ni bati moja: huanzia juu ya gurudumu la kushoto, hupita chini ya kiti, hushukia gurudumu la kulia. Bati lile lilichanika katikati kama karatasi.

Ulikuwa msiba mdogo, na ulisemeka. Angefika uwanjani na bati lililochanika, watu wangemtania wiki moja, wangemhurumia mbili, na mambo yangekwisha. Lakini hakusema. Alikwenda kwenye uwanja wa vyuma chakavu kando ya mto, akapata bati la Harmsen lingine, limeliwa na kutu. Akachomelea matundu, akalipiga msasa, akatafuta nyekundu ya kufanana. Kielelezo hakuwa nacho. Kwenye trekta lake kila kilichoonekana kilikuwa kimepauka, na chini ya kiti sponji ilikuwa imeshika maji ya mvua miaka mingi, pamebaki kutu tupu. Akachanganya makopo mawili yaliyosalia bandani, moja la lango na moja la kitoroli cha binti yake, mpaka jicho lake likaridhika. Kisha akaizeesha rangi ile: siki na chumvi kwenye kingo, stiliwaya pale panaposuguliwa na mapaja, na wiki nyingi za jua juu ya paa la banda. Chini ya kiti peke yake aliacha rangi mbichi, kwa kuwa pale jua halifiki na ndivyo inavyopaswa kuwa. Alikuwa na mikono hodari, na uhodari huo ndio uliomponza.

Ardis alimwona akilifunga bati.

"Utawaambia?"

"Nitawaambia."

"Lini?"

"Wakiuliza."

Siri ya mtungi aijuaye kata. Ardis hakuuliza tena, na chamani hakuna aliyeuliza. Mtu gani angemwuliza Orlin Tesdahl kama anasema kweli?

Uongo wa kunyamaza huonekana mwepesi kwa sababu hauna maneno ya kubeba. Uzito wake huja baadaye. Miaka mitatu haijatimia, Lavern Piontek, mwenyekiti wa chama na mwamuzi mkuu, aliamua kumaliza ugomvi wa siku nyingi. Kiwanda cha Harmsen kilikuwa kimefungwa mwaka 1971 na vitabu vyake vya rangi vimepotea, hivyo kila aliyefufua trekta alilipaka nyekundu aliyoiota. Lavern alikuwa amefundisha uchomeleaji shuleni miaka ishirini na tisa, na hakupenda mambo ya kuota. Agosti 2012 alimleta uwanjani mtu wa duka la rangi, mwenye kifaa cha kusoma rangi kwa mwanga.

"Orlin, tutolee kiti," alisema.

Bolti nne. Kiti kikatoka, na pale chini ikaonekana nyekundu mbichi, changamfu, kama nyanya iliyoivia shambani. Watu walisogea. Boyd Ruhland, ambaye hakuwa na kimya maishani mwake, alivua kofia.

"Hiyo hapo," alisema Lavern taratibu. "Hiyo ndiyo Harmsen yenyewe."

Maneno manne yalitosha: bati hili nimelipaka mimi. Orlin aliyahisi kinywani. Kisha kifaa kikawekwa juu ya bati, kikalia, na yule mtu wa duka akaandika kipimo. Yakawa yamepita.

Kipimo kile kikachapwa, na kila mwanachama akapewa kadi yenye kipande cha rangi. Tangu hapo aliyefufua Harmsen alilipaka kwa kadi ile, na aliyekwenda kinyume waamuzi walimkata alama. Ndivyo rangi ya lango na kitoroli ilivyotawala wilaya tatu.

Mtu mmoja tu aliikataa. Februari 2013 alikuja kwenye kikao Alois Halama, mkulima wa Kipolandi kutoka upande wa pili wa kilima, mzee mkavu aliyekuwa na Harmsen lake ghalani chini ya turubai na hajawahi kulionyesha. Alichukua kadi akaenda nayo dirishani, akaigeuza huku na huku.

"Hii siyo," alisema.

"Siyo nini, mzee?" aliuliza Lavern.

"Siyo rangi yake. Niliyonunua mimi ilikuwa imezama. Ina kahawia ndani. Kama ini."

"Mzee Halama," Boyd akadakia, "huyo mtoto wa jicho wako ameshaanza kutembea, au bado anatambaa?"

Chumba kizima kikacheka. Ni kweli Alois alikuwa na mtoto wa jicho, na alikuwa akingojea kupasuliwa. Alingoja kicheko kiishe.

"Alois," alisema Lavern, si kwa ubaya, "sisi tuna rangi iliyosomwa kwa mashine. Wewe una kumbukumbu."

Ndipo Alois alipomgeukia Orlin. "Na wewe unasemaje? Umepima maziwa yangu miaka ishirini."

Orlin alikitazama kikombe chake. "Mashine imesoma ilichosoma," alisema.

Kila neno katika jibu lile lilikuwa kweli, na lote kwa jumla lilikuwa uongo. Alois alivaa kofia yake, akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja, akatoka. Hakurudi chamani tena. Orlin alikutana naye mara chache baadaye, kwenye duka la malisho na kwenye maziko, na kila mara Alois alimsalimu kama kawaida. Salamu ile ilimchoma Orlin kuliko tusi.

Februari mwaka huu Alois alifariki, ana miaka themanini na minane.

Agosti, siku ya kwanza ya maonyesho, gari la jirani liliingia uwanjani likivuta tela, na kando ya dereva ameketi Nettie Halama, mjane wake, amevaa gauni lake la Jumapili. Juu ya tela lilikuwa Harmsen la mwaka 1964. Alikuwa ameliosha kwa maji tu. Akaomba liwekwe kundi la rangi ya kiwandani, na juu ya boneti akaweka kadi iliyoandikwa kwa mkono uliotetemeka: Nililinunua jipya, Mei 1964. Halijapakwa rangi kamwe. A. Halama.

"Aliiandika Januari," aliwaambia waliokuwa karibu. "Akaniambia, nikiondoka, lipeleke mara moja tu. Wakilitazama, basi."

Wakalitazama. Waamuzi walikuwa Lavern na wenzake wawili, na Boyd akawafuata nyuma kwa kuwa haachi kufuata. Trekta lilikuwa limetumika miaka minne tu kabla ya kufunikwa, na rangi yake ilikuwa nzima: nyekundu iliyozama, yenye kahawia ndani. Lavern alipiga magoti, akamulika tochi, akatoa mfukoni kadi ya chama na kuilaza juu ya bati. Hazikufanana hata kwa mbali.

Orlin alikuwa hatua kumi kutoka hapo, kando ya trekta lake. Ilimtosha kulitazama lile la Halama mara moja. Alijua, kama vile mtu anavyojua sauti ya mama yake, kwamba ile ndiyo nyekundu aliyoiona akiwa na miaka kumi na miwili.

Lavern aliinuka, magoti yakilia. "Bi Nettie," alisema, "mashine ni safi sana. Nzuri mno. Lakini imepakwa."

"Haikupakwa."

"Imepakwa zamani, na fundi mzuri. Rangi siyo ya Harmsen. Tutaiweka na yaliyofufuliwa, huko itapendwa. Ila kadi hii hatuwezi kuiacha isimame hapa."

"Kadi hiyo imesema kweli."

"Labda alisahau, mama. Miaka sitini ni mingi."

Nettie alikuwa mdogo wa umbo, na alilazimika kuinua uso ili amtazame. "Alisahau? Alois alikumbuka jina la kila ng'ombe aliyemzika. Mwanangu, niambie kwa kinywa chako. Unasema mume wangu alikuwa mwongo?"

Lavern akawa mwekundu hadi masikioni. "Sisemi hivyo."

"Basi unasema nini?"

"Nasema rangi haifanani na ya Orlin." Akanyoosha mkono. "Lile pale ndilo kipimo chetu. Tulisogeze, ajionee mwenyewe."

Wakalisukuma trekta la Orlin likawekwa ubavuni mwa lile. Wakatoa kiti, bolti nne zile zile. Nyanya na ini vikakaa pamoja juani, na watu kama thelathini wakaona tofauti. Wote wakageuka kumtazama mjane kwa huruma. Hakuna aliyemtazama Orlin.

"Mchana umefika," alisema Lavern, akiitazama saa kwa sababu hakutaka kutazama kingine. "Tule kwanza. Baada ya chakula, Bi Nettie, utatuambia kama unakubali kundi la yaliyofufuliwa au utalirudisha nyumbani."

Orlin na Ardis waliketi chini ya hema la kanisa, mbele ya soseji na saladi ya viazi. Hakuna aliyeshika uma.

"Umeliona," alisema Ardis.

"Nimeliona."

"Ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo."

Ardis alikunja kitambaa cha karatasi, akakikunja tena. "Orlin, mimi miaka kumi na nne nimenyamaza nikidhani nakusitiri. Nami nina sehemu yangu. Sitajificha nyuma yako."

"Kuna mashine zaidi ya arobaini, Ardis. Watu wamefanya kazi misimu mizima. Lavern peke yake anazo nne. Nikisema, nimeziharibu zote siku moja."

"Zimeharibika tayari. Wewe utakuwa umewaambia tu."

"Na jina la baba? Watasema Tesdahl..."

"Watasema. Na yule mama pale watasema nini juu ya mumewe? Yeye hayupo wa kujibu."

Orlin aligeuka. Nettie hakwenda kula. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha kukunja mbele ya trekta, mkoba magotini, akilinda kadi. Upepo ulikuwa ukijaribu kuipeperusha, naye akaishika kwa vidole viwili. Watu walipita mbali naye, wakiongea chini chini, kama wanavyopita mbele ya nyumba yenye aibu.

Mtu hujidanganya kwamba kosa lake limelala. La kuvunda halina ubani. Lilikuwa limeamka, na pale juani alikuwa ameketi, kwa niaba ya Orlin, mwanamke wa miaka themanini na minne.

Orlin aliinuka. Akaenda kwenye gari lake, akachukua drili ya betri na patasi, akarudi uwanjani. Waamuzi walikuwa wanakuja, na watu nyuma yao.

"Lavern," alisema, "bati langu hilo nililipaka mimi."

"Lipi?"

"Hili. La chini ya kiti. Nililipata kwenye vyuma chakavu mwaka 2010, langu lilipochanika. Rangi nilichanganya mwenyewe bandani, ya lango na ya kitoroli. Si ya Harmsen. Haijawahi kuwa ya Harmsen."

Boyd akacheka. "Mzee, jua limekupiga. Mleteeni maji, jamani."

"Sijapigwa na jua."

"Orlin," alisema Lavern, "najua unamwonea huruma Bi Nettie. Sote tunamwonea. Lakini usiseme uongo kwa ajili ya huruma. Wewe si mtu wa hivyo."

Ndipo Orlin alipoonja ladha ya jambo alilolifanya: alikuwa ameuhifadhi uongo vizuri kiasi kwamba ukweli wenyewe hakuna aliyeuamini. Alipiga goti mbele ya usukani, akaweka ncha ya drili juu ya ribiti ya kwanza ya bamba la namba.

"Wee! Wee, Orlin!" Boyd alipiga kelele kwa hofu ya kweli. "Unafanya nini, bwana? Hiyo ni ya kiwandani!"

Lavern akamshika bega. "Ukitoa hizo, trekta lako limekwisha. Unajua."

"Najua. Toa mkono."

Drili ikalia. Ribiti ya kwanza ilidondoka nyasini, kisha ya pili. Akaingiza patasi polepole chini ya bamba lililopigwa pale mwaka 1963, akalibandua. Nyuma yake kulikuwa na kipande cha rangi kisichozidi kiberiti, ambacho jua na mvua havikuwahi kukifikia. Kilikuwa chekundu, kimezama, kina kahawia ndani.

Lavern alipiga magoti na tochi. Alimulika kipande kile, akageuka akamulika bati la Halama, akarudi. Akafanya hivyo mara tatu, ingawa mara moja ilitosha.

"Ni moja," alisema hatimaye.

Boyd hakuwa na mzaha. "Kwa hiyo mimi," alisema kama anayejiambia, "nina matrekta sita yenye rangi ya lango la Orlin."

Lavern hakuinuka. "Miaka kumi na nne," alisema.

"Naam."

"Nilikata watu alama. Watu waaminifu, nikawaambia macho yao hayaoni. Nina manne, Orlin. La nne nililimaliza Phyllis akiwa mgonjwa. Nilimsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka bandani apate kuliona, nikamwambia, tazama, ni kama siku lilipotoka kiwandani." Akazima tochi. "Mke wangu alikufa akiamini hivyo."

Ardis alikuwa amekuja na kusimama kando ya Orlin. "Nami nilijua," alisema kwa sauti iliyosikika.

Lavern aliinuka kwa shida. Alitoa kalamu, akaenda kwenye ubao wa makundi, akafuta jina la Tesdahl. Kisha akaichukua kadi yake ya rangi, akaichana vipande viwili, akavitia mfukoni kwa kuwa si mtu wa kutupa taka. Akamwendea mjane na kuvua kofia.

"Bi Nettie, kadi ya Alois inabaki. Naomba radhi kwake na kwako."

Nettie aliitikia kwa kichwa. Akamtazama Orlin kwa muda mrefu. Watu walingoja amshukuru, maana watu hupenda mambo yaishe kwa shukrani.

"Alirudi nyumbani kutoka kikao kile," alisema, "akaketi jikoni na koti lake. Nikamwuliza kulikoni. Akasema, wananiambia sioni, labda kweli sioni. Walipompasua macho, kabla ya kwenda popote alikwenda ghalani, akafunua turubai akatazama. Akarudi akasema, Nettie, niliona sawa. Nikamwambia nenda ukawaambie. Akasema, nimwambie nani? Kama Orlin ameona vile, nani atanisikia mimi?"

"Mama," alisema Orlin, "nisamehe."

"Uliyemkosea ni yeye. Ulikuwa na miaka kumi na moja ya kuvuka kilima. Ni dakika ishirini kwa gari." Hakupandisha sauti. "Mimi siwezi kupokea kilicho chake. Ila kuna kitu unaweza kufanya. Yeye aliandika kwa mkono wake. Na wewe andika."

Akafungua mkoba, akatoa kipande cha karatasi ngumu na kalamu. Orlin aliiweka karatasi juu ya boneti la trekta lake lililobanduliwa bamba, akaandika kwamba bati na rangi vilikuwa kazi yake, na kwamba alikaa kimya. Akampa. Nettie aliisoma, miwani puani, mdomo ukifuata maneno.

"Haijatimia," alisema. "Kikao hukukiandika."

Orlin akaichukua tena, akaandika: Februari 2013 Alois Halama alisema kweli mbele yetu sote. Aliniuliza, nami nilijua, na sikumjibu kweli. Akatia sahihi jina lake lote.

Nettie aliiweka juu ya boneti, ubavuni mwa kadi ya mumewe, na juu ya zote mbili akaweka kokoto ili upepo usizichukue.

Mchana ule wote watu walikuja. Habari ilikwishatangulia hadi lango la uwanja, na waliokuja hawakuja kutazama trekta peke yake. Orlin angeweza kufunga tela na kuondoka, na hakuna ambaye angemzuia. Ardis alikuwa ameketi garini, mlango wazi, hamhimizi. Orlin alibaki amesimama kando ya Harmsen la Halama, mikono mgongoni. Wanachama wenzake walisoma wakapita bila kumsemesha. Wawili walimtemea maneno ambayo hayafai kuandikwa, naye akayapokea. Boyd alipita mara mbili, kofia mkononi.

Jioni ilipokaribia alikuja mwanamke mgeni, wa wilaya nyingine, amebeba pai kwenye sahani ya karatasi. Aliisoma kadi ya kwanza, akaisoma ya pili, akarudia ya pili. Akamgeukia mzee aliyesimama pale.

"Samahani, baba," alisema. "Huyu Tesdahl ni nani?"

"Ni mimi," alisema Orlin.